Kutoka Amerika Mpaka Kona ya Posho ni Saa Ngapi

Kona ya Posho iko kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma, kabla hujafika Kamukuywa, na kama huna mahindi ya kusaga wala mtu wa kumsengenya, huna kazi nayo. Pana kinu cha Ndung'u, pana benchi refu la mbao za mkaratusi lililoegemezwa ukutani, na pana wanaume watatu ambao wake zao walikwisha kata tamaa nao. Asubuhi ya Jumamosi hiyo kinu kilikuwa kimya kwa sababu ya msiba. Mzee Wanjala alikuwa amelala ndani ya sanduku nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, karibu hivi kwamba ukirusha jiwe kutoka benchini unampiga mfiwa. Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo ulikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Kukhu Nakhumicha, bibi wa kona nzima na dada mkubwa wa marehemu, alivuka barabara na birika la kahawa mkono mmoja na vikombe mkono wa pili. Maziwa ya matanga yalikuwa yameisha siku ya pili, ndiyo maana ilikuwa kahawa. Lakini hakuja kuwanywesha. Alitumwa kuuliza jambo moja tu: wachimbe, au wangoje?

Aliyepaswa kujibu ni Barasa, aliyeitwa Sururu, kwa maana tangu ujana wake hapakuwa na mtu wa kona hiyo aliyezikwa bila yeye kulichimba kaburi. Alipokea kikombe kwanza, akapuliza, akanywa, ndipo akasema.

— Kabuli si choo, Kukhu, ati uchimbe leo utumie kesho. Jembe ya kwanza ikipigwa, lazima mtu aingie kabla jua halijazama. Likilala wazi linaita mwingine.

— Hilo unanifundisha mimi? Nimezika mume na watoto wawili. Sikusikia redioni.

— Basi sema. Noah anafika leo ama hafiki?

— Si ndiyo nimekuja kuwauliza nyinyi wenye akili?

Noah alikuwa kifungua mimba wa Wanjala. Alikwenda Amerika, na sasa alikuwa na miaka tisa huko. Mwaka wa kwanza aliandika, mwaka wa pili akatuma picha amesimama karibu na gari, na tangu hapo ilibidi watu waangalie ile picha. Wanjala alikufa akiuliza kama mbwa wamebweka, labda kuna mtu langoni. Sasa mjane wake, Gladwell, alikuwa amesema hazikwi mtu mpaka Noah amwone baba yake uso. Ni neno zuri, na kila mama angelisema. Lakini maiti ilikuwa imetoka mochari Alhamisi, na alfajiri hiyo wanawake waliokesha walisogeza viti mbali kidogo na sanduku, kisha wakavisogeza tena, na hakuna aliyesema kwa nini.

— Mama Noah amesema tungoje mpaka kesho, — Kukhu akasema. — Mchungaji amesema kesho ana ibada, haji. Na mimi nina pua. Kwa hivyo nambieni ndege imefika wapi.

Hapo Ndung'u mwenye kinu akajinyoosha. Yeye aliitwa Pilot. Kabla ya kununua kinu alikuwa amepakia maua kwenye ndege, uwanja wa Nairobi, msimu mmoja. Kupanda hakuwahi kupanda. Lakini alizigusa kwa mkono wake, na kwa Kona ya Posho hiyo ilikuwa digrii.

— Kama ni hesabu mnataka, ngojeni niwape, — Pilot akasema. — Kutoka kwa Noah mpaka Ulaya, saa nane. Anashuka, ananyoosha miguu. Kutoka Ulaya mpaka Nairobi, saa nane ingine. Kutoka Nairobi mpaka Eldoret, hata saa moja haiishi. Wanapewa soda, na kabla ujue utaweka wapi kizibo, ndege imeshuka.

— Na kutoka Eldoret mpaka hapa?

— Hapo ndio kuna shida. Hapo kuna mashimo.

— Kwa hivyo amevuka bahari mbili, sasa anashindwa na mashimo?

— Kukhu, si mimi nilitengeneza barabara. Mimi ni mtu wa anga.

— Mtu wa anga mwenye unga kwa masikio, — akasema Kibiwott.

Kibiwott alitoka Kapsokwony, huko juu mlimani. Aliitwa Mita kwa sababu zamani, mashamba yalipokuwa yakigawanywa, aliwabebea wapima ardhi ule mnyororo wao, na tangu siku hiyo hatembei bila kamba mfukoni. Kahawa iliyokuwa birikani ilitoka kwa miti yake, kwa hivyo ilibidi asikilizwe.

— Pilot, umehesabu saa. Saa ni ya mwenye kuivaa. Umbali ndio wa Mungu. Nairobi na Eldoret ni kilomita ngapi?

— Mia tatu na kitu kwa barabara. Hewani ni fupi. Ndege haipindi kona.

— Haya. Na mlima?

— Mlima gani?

— Sikiza. Kwetu Kapsokwony, shamba likiwa ekari kumi kwa karatasi, ukilipima na miguu ni kumi na mbili. Kwa nini? Kwa sababu karatasi imelala, shamba limesimama. Sasa ndege inapanda maili saba juu. Hizo saba za kupanda na hizo saba za kushuka umeziweka wapi?

Pilot alijipangusa unga sikioni.

— Inapanda ikienda mbele, — akasema mwishowe.

— Hata mimi nikipanda kwetu naenda mbele, na bado nachoka.

— Ndege haichoki, bana!

— Mbona inashuka Ulaya? Inaenda kusalimia nani?

— Inashuka kuongeza mafuta!

— Ahaa. Hata mimi nikichoka nakula.

Sururu akacheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Kukhu hakucheka. Alimimina tena, kidogo kidogo, kama mtu anayelipa asichodaiwa.

— Mimi nauliza leo au kesho, — akasema. — Sijauliza mlima.

— Leo, — Pilot akasema haraka. — Kama alitoka Alhamisi jioni, leo ako Eldoret. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Kukhu.

— Hiyo methali imekuja kufanya nini hapa?

— Ni ya ndege. Inakimbia kwa sakafu, ikifika ukingoni inaruka. Wazee walijua.

— Wazee walijua ndege?

— Wazee walijua kila kitu, ndio maana walikufa.

Mita alikuwa ametoa kamba yake na kuipima hewani, kutoka pua yake mpaka kidole cha mkono.

— Kama alitoka Alhamisi, — akasema. — Hiyo "kama" ni nzito kuliko ndege.

— Kwani atatoka lini? Mke wa Noah si aliambiwa Jumanne? — Sururu akauliza.

Hilo lilikuwa kweli, au ndivyo kona nzima ilivyojua. Jumanne Pilot aliwapeleka Gladwell na Kukhu mjini Kitale, kwenye kibanda cha simu, kwa kuwa simu za mkononi wakati huo zilikuwa za wenye matumbo. Pilot ndiye aliyeshika kipokezi kwanza, yeye mwenye Kiingereza. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema: ni mwanamke, mzungu, anasema Noah hayuko karibu, tumwachie maneno. Basi Kukhu akapewa simu akasema yote. Kwamba baba amefariki. Kwamba ni figo. Kwamba ajibu kwa nambari ya duka la Mathenge hapo mjini, na Pilot akaisoma ile nambari. Gladwell naye akaichukua simu, akamwita yule mwanamke mkaza mwana wangu, akamwambia karibu nyumbani. Siku iliyofuata wakapiga tena kumweleza kwamba mazishi ni Jumamosi. Tangu hapo Gladwell alikula, akatandika kitanda cha wageni, akanunua leso mbili za maua kwa ajili ya mkwe asiyemjua.

— Ana adabu sana huyo mwanamke, — Kukhu alikiri, naye si mtu wa kusifu wake za watu. — Nilisema mpaka nikakauka mate, hakunikatiza hata mara moja. Wa kwetu angekuwa ameuliza nani anagawa shamba.

— Mzungu hakatizi mtu, — Pilot akasema, akitazama ndani ya kikombe chake.

— Sasa nyinyi wote, — Sururu akaingia, — mnamsumbulia huyo mtoto ndege bule. Si mwalimu alitufundisha dunia inazunguka?

— Ulifika darasa la ngapi wewe?

— La tatu. Lakini hiyo siku nilikuwa. Dunia inazunguka. Basi kwa nini aluke? Apande juu tu, asimame. Amelika itaondoka hapo chini yake, Kitale ije yenyewe. Ashuke.

Hakuna aliyejua kosa liko wapi.

— Hiyo itakuwa usiku au mchana? — Mita akauliza, kwa heshima kidogo.

— Vile itakuja.

— Ikija usiku ataonaje ni Kitale?

— Ataona taa.

— Kona ya Posho kuna taa gani?

— Basi ashukie Bungoma. Bungoma kuna stima.

— Bungoma hakuna ndege kubwa, — Pilot akakataa. — Wala Kitale. Hizo viwanja ni za ndege ndogo. Lakini, atiriri, hebu sikizeni, nani alisema amekuja na kubwa? Labda Nairobi amekodi ndogo. Mtu wa Amerika hawezi kungoja matatu ijae.

— Kutoka Kitale mpaka Bungoma kwa hiyo ndogo ni dakika ngapi?

— Hata haipandi vizuri. Inaruka kama kuku akifukuzwa jikoni. Ukimaliza kufunga mkanda, wanakuambia ufungue.

— Na sisi tuko katikati, — Mita akasema polepole. — Kwa hivyo itapita hapa. Juu yetu.

Wote watatu wakainua vichwa. Juu palikuwa na wingu la kijivu, na chini ya wingu mwewe mmoja. Kukhu naye aliinua kichwa, kisha akaikasirikia shingo yake.

— Mnaangalia nini? — akafoka. — Mnangoja ashuke na kamba?

— Mvumilivu hula mbivu, Kukhu, — akasema Pilot.

— Hapa kinachoiva ni ndugu yangu.

Hapo walikunywa kahawa bila kutazamana. Kutoka ng'ambo ya barabara ulisikika wimbo wa akina mama, wimbo wa kukokota miguu, sauti zikiwa zimekauka kwa siku kadhaa za kuimba. Mtu mwingine angeinuka aende akachimbe, au angesema tungoje, akubali lawama. Lakini benchi ni benchi. Pilot alikohoa.

— Kuna jambo sijawaambia. Kuna mahali huko baharini, ukivuka, leo inakuwa jana.

— Toka hapa!

— Haki ya Mungu. Nilisikia wazungu wa maua wakiongea. Mtu anatoka kwake Jumamosi anafika Ijumaa.

— Ijumaa ilikuwa jana, — Mita akasema.

— Ndio.

— Kwa hivyo Noah amefika jana.

— Inawezekana.

— Ako wapi?

Pilot akafikiri.

— Labda amelala Nairobi. Kwa hoteli. Mwili ukivuka hivyo unachoka, lazima ulale.

— Amelala hotelini, — Kukhu akasema. — Na baba yake amelala sandukuni. Familia imelala vizuri.

— Si kusema ati ni lazima, nimesema labda...

— Mimi naona nyinyi mnazunguka tu, — Sururu akakatiza, naye sasa alikuwa amepata moto. — Njia ya mkato iko. Mzungu mmoja aliniambia, yule wa kisima cha kanisa. Alisema Amelika iko hapa chini yetu. Upande wa pili. Ukichimba, ukichimba, bila kusimama, unatokea huko. Mimi futi sita nachimba kabla chai haijaiva. Basi nikiendelea? Nimwite tu Noah kwa shimo, apande, atokee hapo hapo kwa kabuli ya baba yake. Hakuna Ulaya, hakuna Eldoret, hakuna...

Hakumaliza. Kukhu alikuwa amekiweka chini kile kikombe alichokuwa akipangusa, taratibu mno.

— Barasa. Mama yako nilimsaidia kukuzaa. Ulitoka kichwa kikubwa, tukadhani kina kitu ndani.

— Kukhu, nimeongea tu...

— Mnaongea tu. Ndugu yangu ana siku nne anasubiri mtu ambaye hamjui ako hewani, ako hotelini, ama ako chini ya ardhi. Niliwauliza leo au kesho. Hata ng'ombe ukimwuliza swali mara tatu angalau anakutikisia mkia.

Wakati huo ndipo alipofika mwanamke mmoja na debe la mahindi kichwani. Hakuwa wa kona hiyo. Alisema jina lake ni Chepkemei, ndio kwanza amehamia huku chini kwa binti yake, na ameambiwa kuna kinu. Alilitua debe, akaona mlango umefungwa, akasikia wimbo ng'ambo ya barabara, akaelewa.

— Poleni sana. Ni nani?

— Mzee wetu, — Mita akamjibu. — Kinu kitafunguliwa tukishazika. Tunangoja kijana wake, anatoka Amerika. Tunahesabu ndege.

— Ai. Mbali.

— Mbali ni kutegemea, — Pilot akaanza. — Kutoka Ulaya mpaka Nairobi...

— Na alipata habari vizuri?

— Vizuri kabisa. Mke wake aliambiwa kwa simu. Huyu Kukhu ndiye aliongea na yeye, mara mbili.

Chepkemei akamgeukia Kukhu, akatikisa kichwa kwa huruma, kama wanawake wanavyofanya wakijua kazi ya kupeleka habari ya kifo ni ya nani.

— Maskini. Mke wa mtu, peke yake huko mbali, anaambiwa baba mkwe ameenda. Alilia?

Kukhu alifungua mdomo ajibu. Lilikuwa swali la kawaida, swali la kwanza ambalo mwanamke yeyote angeuliza, na katika siku nne hakuna mtu aliyeliuliza. Alirudi kwa fikira mpaka kwenye kile kibanda, akakibana kipokezi sikioni tena. Kilio hakikuwapo. Pole haikuwapo. Hata ile pumzi ya mtu anayesikiliza haikuwapo. Kulikuwa na maneno mafupi ya Kiingereza, kisha mlio mwembamba, kisha ukimya aliouita adabu.

— Hakulia, — akasema.

— Alisema nini basi?

— Sijui Kiingereza.

— Na ile mara ya pili?

Ile mara ya pili Kukhu alikuwa na sikio karibu na la Pilot. Maneno hakuyaelewa, lakini wimbo wake aliujua. Ulipanda pale pale, ukashuka pale pale. Mtu hawezi kusema jambo mara mbili namna hiyo, hata mchungaji akisoma mazishi.

— Ndung'u, — akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo benchini halikutumika. — Yule mwanamke alisema nini?

— Nilikuambia. Noah hayuko karibu, tumwachie maneno.

— Malizia.

— Tumwachie maneno... baada ya mlio.

— Mlio wa nini?

Pilot alitazama kinu chake, akatazama debe la mahindi la mgeni, akakosa pa kuweka macho.

— Ni mashine, Kukhu. Huko wanaweka mashine. Inaongea, halafu inashika maneno yako, mwenyewe akirudi anasikiza.

— Hakuna mke?

— Sijui kama kuna mke. Mimi nilisikia mashine.

— Na ulijua tangu Jumanne.

— Mara ya kwanza nilidhani ni mtu! Haki. Mara ya pili ndio nikajua. — Sauti yake ikapanda. — Lakini Mama Noah alikuwa hajaonja kitu tangu Jumapili. Alipotoka kwa ile kibanda alikula sahani nzima. Alikuwa anacheka, ati amepata mkaza mwana. Mngetaka nimwambie nini? Ati umekaribisha nyumbani chuma?

— Ungeniambia mimi.

— Wewe ulikuwa unamsifu!

Sururu alikuwa ametoa kofia. Chepkemei alisimama kando ya debe lake kama mtu aliyekanyaga yai la watu.

— Sasa subirini, — Mita akasema taratibu, kamba ikining'inia mkononi. — Hiyo mashine ilishika maneno?

— Inashika.

— Na nambari ya duka la Mathenge ilishika?

— Niliisoma mara mbili.

— Na Mathenge anasema nini?

— Nimepita kwake jana. Hakuna mtu amepiga.

— Basi labda Noah hajarudi nyumbani. Hajasikia.

— Siku nne? — Sururu akauliza.

— Ama amesikia, — akasema Kukhu.

Saa nane mpaka Ulaya na nane mpaka Nairobi wangeweza kuzihesabu tena, na maili za kupanda na za kushuka wangeweza kuzijumlisha mpaka jioni. Lakini kutoka mtu asikie habari mpaka ainuke kitini ni mwendo gani, hapo Pilot hakuwa na msimu wa kazi, na kamba ya Mita haikufika. Kukhu aliinamisha birika juu ya kikombe cha Sururu. Lilitoa matone, likatoa machicha, likaisha.

— Inuka, — akamwambia. — Chimba.

— Kukhu, jembe ya kwanza ni ya mtoto wa kwanza. Mzee mwenyewe alisema. Tukimkosea...

— Mzee alisema mengi. Alisema pia atapona. Udongo umelowa, hata wewe utauweza. Nenda na Mita, anzeni upande wa migomba, pale palipo juu kidogo, maji yasimwingie. Na ukianza usisimame. Sitaki kusikia usiku tunazika mgomba badala ya mtu, ati shimo lisilale wazi, kwa sababu nyinyi mlisimama kuongea ndege.

Wakaenda. Hata Mita, ambaye tangu mnyororo wa wapima ardhi hakuwa amebeba chuma, alibeba jembe. Pilot naye aliinuka awafuate.

— Wewe msagie huyu mama mahindi yake, — Kukhu akasema. — Kinu chako kinapiga kelele. Leo kelele itatufaa.

Akakusanya vikombe, vinne, akaviingiza kimoja ndani ya kingine, akavuka barabara. Gladwell alikuwa amesimama langoni. Alikuwa amejifunga leso mpya moja na nyingine ameikunja kifuani, bado na karatasi ya dukani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amechana nywele, kama mtu anayengoja wageni.

— Wamesema nini, Kukhu? Saa ngapi?

— Saa nane.

Uso wa Gladwell ukafunguka wote.

— Saa nane anafika?

Nyuma yao kinu kilinguruma, kikashika. Kukhu ilibidi asogee karibu, mdomo kwenye sikio la wifi yake, ndipo asikike.

— Saa nane tunazika.